Tai wa Kaisari Aliyeikataa Mbingu

Kwa niaba ya Idara ya Kupaa kwa Makaisari, nina heshima kuwatangazia raia wote wa Roma kwamba Kaisari Vettuleno amefariki dunia katika hali ya usafi kabisa. Aliteleza bafuni. Bahati njema, mwanawe wa kupanga, Pakuvio, alikuwa bafuni humo humo, na ndiye aliyetueleza jinsi sakafu ile ilivyo na utelezi. Maji yalikuwa hayajapoa, naye Pakuvio alikuwa keshakuwa Kaisari.

Mimi ni Numerio Sikkio, Mwangalizi Mkuu wa idara hiyo. Kaisari akifa, tunamlaza juu ya mnara wa kuni, tunaweka tundu la tai kileleni, tunawasha moto, tunavuta kamba, na tai anaruka na roho ya marehemu hadi mbinguni. Kisha nasimama mbele ya Seneti na kuapa kwamba nimeiona roho ikipaa. Seneti inapiga kura, marehemu anakuwa mungu, anajengewa hekalu, nasi tunakwenda kula.

Kuhusu macho yangu, niseme ukweli: sioni, na yanayoonekana katika habari hii nimesimuliwa na wenye macho. Vidole vyangu mwenyewe nikivinyoosha navitambua kwa sababu tu najua ni vyangu. Siku ya usaili waliniletea tembo, nikamwinamia na kumuuliza hali ya mumewe. Kazi nikapewa papo hapo. Shahidi mwenye macho makali ni hatari kwa taifa, na mimi taifa sijawahi kulihatarisha.

Kaisari Pakuvio aliniita ikulu kesho yake.

"Sikkio, mzee wangu," alisema, "baba akiwa mungu, mimi nitakuwa nani?"

"Mwana wa mungu, Mtukufu."

"Na asipokuwa?"

"Mtoto wa mtu tu, Mtukufu. Kama sisi."

"Kama ninyi!" Alicheka mpaka akakohoa, kisha akaacha kucheka. "Sasa sikiliza. Tai asipopaa, utapaa wewe. Pale Mwamba wa Tarpeia. Wewe na huyo mama anayefuga ndege."

Nilimshukuru. Kupaa kwa Mwamba wa Tarpeia, wanakotupwa wahaini, hufanyika kwa kuelekea chini, lakini si adabu kumsahihisha Kaisari katika wiki yake ya kwanza.

Maandalizi yalikwenda vizuri. Ili apate fedha za mnara wa mierezi mitupu, Kaisari alifuta mgao wa ngano mjini. Raia walielezwa kwamba njaa ile si njaa bali ni maombolezo, na kwamba anayelalamika anamdharau marehemu. Tangazo hilo nililiandika mimi, na mke wangu alilisifu sana kabla ya kuniuliza tutakula nini.

Nikaenda kumkagua tai. Mtunzaji wake, Tertulla, alikuwa mtumwa zamani, sasa ni mwanamke huru mwenye mdomo huru zaidi.

"Bosi," aliniambia, "huyu tai hapai."

"Hapai vipi? Si ana mabawa?"

"Na wewe si una macho?"

Akaendelea: "Nimemlea tangu kinda. Chakula chake chote kakilia mkononi mwangu. Makucha yake yalikuwa yananichana, nikawaomba ninyi kipande cha ngozi nijifunge mkono. Mkaniletea nini?"

Nilikumbuka vizuri, maana lilikuwa wazo langu na nilijipongeza kwalo mbele ya watu. Tulimpelekea joho kuukuu la Kaisari kutoka ghalani. Hayo niliyaita matumizi bora ya mali ya umma.

"Sasa akiona zambarau tu, anajua chakula kimefika," alisema Tertulla. "Haya, nambie wewe mkubwa. Mji huu mzima, nani mwingine anavaa joho la zambarau?"

"Hakuna. Ni marufuku. Kaisari peke yake."

"Ehee!"

"Tutaunda kamati," nikasema.

"Iunde upesi basi, mzee wangu. Shingo zenyewe ni mbili tu, yako na yangu."

Kamati ilikaa, nikiwa mwenyekiti na mjumbe. Tuliamua kwa kauli moja kwamba Kaisari aombwe avae nguo nyeusi za msiba. Nikaenda ikulu. Nilipofika mlangoni nilimsikia akimfokea fundi aliyethubutu kumshonea joho lenye zambarau iliyopauka, nikageuza. Ushauri ule ulikuwa mzuri sana. Bado ninao.

Siku ikafika. Uwanja wa Marsi ulijaa watu wenye matumbo matupu na maneno mengi. Kaisari alikaa kwenye kiti cha juu, na joho lake lilikuwa la zambarau kiasi kwamba hata mimi nililiona. Moto ukawashwa. Mimi nikiwa nimeshika kamba, nilimwomba kila mungu niliyemwapia uongo anisamehe kwa jumla. Nikavuta.

"Katoka!" watu wakapiga kelele. Mimi nikatazama juu kwa heshima, mahali ambapo kwa kawaida sioni kitu.

"Anazunguka! Anashuka! We, anashuka huyo!"

Upepo ukanipita sikioni. Kisha nikasikia Kaisari wa Roma, bwana wa bahari na nchi kavu, akipiga ukelele ambao mke wangu huutoa akiona panya. Tai alikuwa ametua begani kwake, amelishika joho barabara, anamchungulia mdomoni kama anayeuliza nyama iko wapi.

"Mzee karudi!" mtu mmoja akapaza sauti. "Kaja kuulizia habari za bafuni!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Tertulla alikuja, akamchukua tai kwa upole, akaniambia kwa sauti ya chini, "Kafanye kazi yako, bosi. Leo apa vizuri, la sivyo tumekwisha."

Nilisimama mbele ya Seneti. Nikisema roho imekwenda mbinguni, mji mzima uliona vingine, na adhabu ya kiapo cha uongo ni ule ule Mwamba. Nikisema haikupaa, Pakuvio ni mtoto wa mtu, na Mwamba upo pale pale. Seneta Hordeonio, mzee ambaye husinzia katika kila kikao ila sheria ikitajwa, alifungua jicho moja.

"Sheria inasema roho huenda aendako tai," alisema. "Haya, Sikkio. Ilikwenda wapi?"

Pakuvio, nilivyonong'onezwa, alinitazama mkono mmoja shingoni. Shingo ilikuwa yake, lakini niliuelewa ujumbe.

Basi nikafanya kile nilichofanya maisha yangu yote. Nikajipendekeza.

"Waheshimiwa, roho tukufu iliiona mbingu, ikaiona ndogo. Ikashuka, ikaingia kwa Kaisari Pakuvio mwenyewe. Naapa nimeona. Mungu hayuko juu. Yuko hapa, amekaa."

Halafu Pakuvio akasimama, uso umemng'aa.

"Mmesikia? Mwana wa mungu kitu gani! Mimi ndiye mungu mwenyewe! Pigeni kura sasa hivi, na atakayekataa nitamkumbuka."

Kura zikapigwa. Hakuna aliyetaka kukumbukwa. Hordeonio akafungua jicho la pili.

"Tunakushukuru, ee mungu Pakuvio," alisema, akainama mpaka mgongo ukamlia. "Sasa tumchague Kaisari."

"Kaisari si mimi hapa!"

"Ulikuwa wewe, Mtukufu. Ila mungu hashiki cheo cha mtu. Haamuru jeshi, hakai ikulu, hapigi muhuri. Mungu anakaa hekaluni. Ndiyo sheria, na kura umeiitisha mwenyewe."

"Lakini mimi ni hai, wee mzee!"

"Miungu yote ni hai, Mtukufu. Ungekuwa umekufa ndiyo tungekuwa na shaka."

Pakuvio akawageukia walinzi, akaguta, "Mkamateni!" Mkuu wa walinzi alijikuna kidevu, akamtazama Hordeonio, akautazama mlango ambao nje yake watu walikuwa wakiimba habari za bafu.

"Sisi tuliapa kumlinda Kaisari," alisema. "Mungu halindwi, jamani. Mungu ndiye anayelinda."

Wakamsindikiza hekaluni kwa nyimbo na uvumba. Kaisari mwingine alipatikana kabla ya chakula cha mchana. Siku hizi hawakosekani.

Mimi nikapandishwa cheo kuwa kuhani wake, jambo linaloonyesha kwamba serikali yetu haikosi mzaha. Kila asubuhi tunamchinjia ng'ombe mnono. Kila mtu anajua mungu hula nini: moshi. Nyama ni ya waja wake. Basi tunachoma mafuta na mifupa madhabahuni, nampepea moshi umfikie vizuri, na watu waliokuwa wakiomboleza kwa matumbo yao wanapanga foleni ngazini kuchukua minofu.

Jana alikuja bibi mmoja, mfupa wa ng'ombe mkononi, midomo inang'aa mafuta. Akapiga magoti mbele ya kiti cha dhahabu.

"Ee mungu Pakuvio," akaomba, "nyama umetupa, tunashukuru. Sasa turudishie na ngano yetu, tupate mkate wa kulia."

Mungu alikuwa ameukodolea macho ule mfupa. Machozi yakamtoka.

"Mama," akanong'ona, "ukimaliza, niachie hata huo."

Bibi akainuka polepole, akanivuta pembeni.

"Kuhani, mungu gani huyu anayeomba waumini?"

"Msamehe, mama," nikamwambia. "Bado mgeni. Hajazoea njaa."