Hukumu ya Mshika Ufunguo, Aliyejiuzulu Dakika Kumi Kabla

Sogeeni, enyi mliopanga na enyi mliopangisha, ninyi mnaopanda ngazi na mizigo begani na ninyi mnaokaa chini msiojua adha ya ngazi! Wekeni vikombe mezani, punguzeni redio, mbembelezeni na mtoto anayelia, maana naleta habari ya vita vilivyopiganwa mchana kweupe, kwenye ukumbi wa chini penye mita za maji, baina ya mzee aliyeshika ufunguo na mwanamke aliyeshika beseni. Mimi nilikuwapo. Ndimi Katibu wa Kamati ya Jengo, mwaka wa sita sasa, sijapata kupingwa kwa kuwa hakuna mwingine ambaye mwandiko wake unasomeka. Nitasimulia yote kama yalivyokuwa, na pale nilipoogopa nitasema niliogopa.

Jengo letu lina ghorofa nne na nyumba kumi na nane, na juu ya yote hayo lipo paa, tambarare, pana, lenye jua tangu asubuhi hadi jioni, na kamba za kuanikia nguo zilizofungwa na waliotutangulia. Paa lina mlango mmoja, mlango una kufuli moja, kufuli lina ufunguo mmoja, na ufunguo huo ulining'inia kwa uzi shingoni mwa Mwenyekiti wetu, Mshika Ufunguo, Simba wa Nyumba Namba Moja, Bwana wa Koti la Kijivu, aliyetutawala miaka kumi na moja asilivue koti hilo katika mkutano hata mmoja, kuwe na joto, kuwe na baridi.

Sitamnyima haki yake. Ndiye aliyepigania taa za ngazini zikawaka, na ndiye aliyemnyamazisha jirani mwenye tarumbeta. Lakini mwezi wa nne, bila mkutano wala tangazo, alipanda akaufunga mlango wa paa, akashuka na kutuambia kwamba nguo za watu zikipepea juu zinalivunjia jengo heshima. Tangu hapo kila alasiri tulizisikia hatua zake zikipanda peke yake, kisha kufuli likilia, kisha kimya hadi jua linapozama. Alikuwa akifanya nini huko juu hakuna aliyejua, na kila nyumba ilikuwa na uongo wake.

Sasa mtazameni shujaa wetu. Anakaa namba saba, jina lake la kazi ni Mama Povu, dobi mwenye mikono iliyokunjamana kwa maji na sauti ya kupenya milango mitatu. Alikuwa akifua mashuka ya nyumba ya wageni iliyoko pembeni mwa barabara, na hiyo ndiyo kazi iliyomlisha yeye na mama yake mgonjwa. Paa lilipofungwa akawa anaanika ukumbini, juu ya milango, juu ya viti, juu ya baiskeli yangu. Shuka lililokuwa likikauka nusu siku likawa linakaa siku tatu, na likikauka linanuka kama tambara la deki. Ndipo msimamizi wa nyumba ya wageni alipokuja mwenyewe hadi mlangoni.

"Mama Povu, tumetoka mbali mimi na wewe," alisema. "Lakini jana mgeni ameniuliza kama mashuka yetu tunayahifadhi kisimani. Nakupa hadi Jumatatu. Yakirudi na harufu tena, naita dobi mwingine, na usinikasirikie."

Mara tatu Mama Povu akamwendea Mwenyekiti kuomba jua, na mara tatu akajibiwa bila kufunguliwa mlango. Mwishowe akaja kwangu, vidole vikidondosha maji, akataka kuiona Katiba ya Jengo. Nikampa. Ni kurasa nne, wa tatu una doa la chai. Akaisoma akiwa amesimama, kisha akaweka kidole kwenye ibara ya tisa, na alama ya kidole hicho ingalipo hadi leo. Ibara ya tisa yasema hivi: Mwenyekiti atakayeondolewa kwa kura za theluthi mbili ya nyumba zote hatashika tena cheo wala ufunguo wowote wa jengo hili. Nyumba kumi na nane, kura kumi na mbili. Mkutano ukaitishwa Jumamosi, saa nne asubuhi.

Loo, ujanja wa wakubwa! Jumamosi hiyo, saa nne kasoro dakika kumi, nikiwa napiga kiatu rangi, karatasi ikateleza chini ya mlango wangu. Ilikuwa barua ya kujiuzulu. Mshika Ufunguo ameng'atuka, amechoka, anawaachia vijana, anatuombea heri. Mtu mwingine angeshangilia. Mimi nikaketi kitandani na kiatu kimoja, kwa maana naijua katiba yetu hadi ibara ya kumi, ambayo Mwenyekiti aliiandika kwa mkono wake mwenyewe mwaka wake wa pili: Mwenyekiti atakayestaafu kwa hiari ataitwa Mwenyekiti Mstaafu, atakalia kiti chenye mikono, na atautunza ufunguo wa paa maisha yake yote.

Maisha yake yote! Na mzee yule hajawahi hata kuumwa jino.

Nikashuka na barua mfukoni. Ukumbi ulikuwa umefurika, watu wamekaa ngazini kama kuku kwenye kichanja, na kwenye kiti chenye mikono alikuwa ameketi Mshika Ufunguo na koti lake, ametulia kabisa. Pembeni yake alisimama Karani, mstaafu wa mahakama, mtu aliyezeeka akipanga mafaili ya kesi za wengine akingoja siku ya kusimama yeye. Mama Povu alikuwa mbele ya mita za maji, beseni la mashuka mabichi miguuni. Nikaisoma barua. Nilipomaliza, Mshika Ufunguo, kwa mazoea ya miaka kumi na moja, akanyanyua kengele ya mkutano akaipiga.

"Nani kapiga kengele?" aliuliza Mama Povu. "Si umesema umeondoka?"

"Mkono umejisahau," alisema mzee, akairudisha kengele taratibu.

Hapo Karani akajikohoza, akatanua miguu, akainua kidole juu ya vichwa vyetu.

"Ndugu wapangaji, mama zangu, kaka zangu!" alinguruma. "Leo mmekuja na mikuki, na simba hayupo! Mnamwondoa nani? Kutoka wapi? Mtu aliyekwisha toka nyumbani utamfukuzaje? Ukitaka kumtoa mtu, sharti kwanza awe ndani. Huyu mzee si mwenyekiti. Ni raia, mpangaji kama mimi na wewe. Uenyekiti wake umemwagika, na maji yakimwagika hayazoleki!"

"Mimi maji yakimwagika napiga deki," alisema Mama Povu.

Watu wakacheka, lakini Karani hakutikisika. Akaeleza kwamba sheria ni sheria, kwamba ibara ya tisa yasema "Mwenyekiti atakayeondolewa" na haisemi "aliyekuwa Mwenyekiti", na kwamba tukianza kuwahukumu walioondoka, kesho tutamfufua na yule wa kwanza aliyekufa kitambo tumuulize ngazi zilipakwaje rangi ya njano. Niliona vichwa vikitikisika kukubali. Hata changu kilitikisika, na sina sababu ya kuficha. Hoja ilikuwa na miguu, nami ni mtu wa kalamu, si wa vita.

Macho yakanigeukia. Kiti cha Mwenyekiti kikiwa wazi, Katibu ndiye anayeongoza mkutano, hiyo ni ibara ya sita. Nikahisi tai ikinibana, na kumbe sikuvaa tai.

"Mlalamikaji ana neno?" niliuliza, kwa sauti ndogo kuliko nilivyopanga.

Mama Povu hakuinua kidole wala hakujikohoza. Aliinama, akalivuta shuka moja kutoka besenini, akalishika ncha mbili mbele ya kifua.

"Mimi sheria sijasoma, Karani. Nimesoma nguo. Nina miaka ishirini nafua, nimefua za maharusi na za wafiwa, na nataka uniambie kitu kimoja. Umewahi kuona shati linafuliwa mtu akiwa amelivaa?"

"Hapana, lakini…"

"Nguo ikivuliwa ndiyo inafuliwa. Ikiwa mwilini, mwenyewe atakwambia hapana doa, atalifunika kwa mkono, atakaa upande. Akishaivua ndiyo unaitandaza, unaona wapi kuna grisi, wapi kuna jasho. Huyu mzee wetu amekivua cheo asubuhi ya leo. Vizuri, ahsante. Sasa tukifue. Au mnataka akikunje na doa lake, akiweke kabatini, halafu uchaguzi ukija akivae tena tumwambie umependeza?"

Nilisikia mita ya namba kumi na nne ikizunguka.

"Tena simfukuzi uenyekiti," aliendelea. "Uenyekiti ameshautoa. Ninachotaka ni jua. Yeye ameacha kazi lakini mlango bado umefungwa. Jumatatu mimi nanyang'anywa kazi na huu unyevu, na yeye ataitwa mstaafu. Kama kuondoka kunafuta makosa, basi kila mwizi akimbie tu, tumwite msafiri."

Naapa kwa kalamu yangu, Karani alitazama dari kama mtu anayetafuta faili. Nami, niliyekuwa nikijiambia heri nusu shari kuliko shari kamili, nikaona ya kwamba nusu shari hiyo anaibeba dobi peke yake, na nikaona haya. Nikatangaza kwamba hoja ni halali, kwamba aliyeondoka aweza kuhukumiwa kwa aliyoyatenda alipokuwapo, na kwamba wanaokubali aondolewe kwa mujibu wa ibara ya tisa wanyooshe mikono.

Mikono ikapanda. Namba saba, bila shaka. Namba tatu, namba kumi na nne, mwenye tarumbeta kwa mikono yote miwili, tukamhesabia mmoja. Nikahesabu kumi. Nikatazama kiganja changu kilichokuwa gotini kana kwamba ni cha mtu mwingine, kisha nikakiona kikipaa. Kumi na moja. Nikangoja. Fundi saa wa ghorofa ya pili akainama kufunga kamba za viatu, na alikuwa amevaa ndala.

Kumi na moja! Enyi mliopata kukosa basi kwa hatua moja, mnajua nilichohisi. Mshika Ufunguo alijinyoosha kitini, Karani akaanza kutabasamu, na Mama Povu akalirudisha shuka lake besenini polepole.

Hapo mkono ukainuka nyuma ya kiti chenye mikono. Ulikuwa mwembamba, una bangili moja. Ulikuwa mkono wa mke wa Mwenyekiti.

"Shemeji," nilisema, "umeinua kwa kupiga kura, au…?"

"Kwa kupiga kura."

"Pingamizi!" alipiga kelele Karani. "Namba moja ni nyumba ya mshtakiwa!"

"Kura ni ya nyumba, si ya mshtakiwa," nilisema, nami nilijishangaa. "Mama, sema."

Akaja mbele, akasimama mbele ya mumewe, akamwekea mkono begani juu ya lile koti.

"Mzee wangu, nimekuchagua miaka thelathini na sikuachi leo. Lakini mashuka yetu hayajaona jua tangu mwezi wa nne, mimi nayakausha kwa pasi. Nilikuomba ufunguo, ukaniambia niandike barua kwa kamati. Mimi! Niandike barua!"

Kumi na mbili. Nikaandika nambari hiyo kwa tarakimu na kwa maneno.

Mshika Ufunguo hakugombana. Alipeleka vidole shingoni kuutoa ufunguo, lakini uzi ule, ulionyeshewa na kulowa jasho miaka kumi na moja, ulikuwa umejifunga fundo gumu kama jiwe na haukuwa na nafasi ya kupita kichwani. Karani akatoa kisu kidogo. Mzee akarudi nyuma. Mama Povu akamwambia, "Kaa, mzee," akapiga magoti mbele yake, na kwa vidole vilivyozoea kamba zilizosokotana akalifungua fundo lile, kidogo kidogo, na wapangaji wa nyumba kumi na nane wakishika pumzi. Ufunguo ukaanguka kiganjani mwake, na sote tukapanda ngazi nyuma yake.

Mlango ukafunguka, nasi tukaingia katika nchi iliyofungwa. Hapakuwa na hazina wala siri. Palikuwa na kiti kimoja cha kukunja, redio isiyo na betri, na kamba za nguo zikicheza kwa upepo, tupu kabisa.

"Nilikuwa nakaa tu," alisema mzee, asimtazame mtu. "Chini kila mtu ananiletea malalamiko. Huku hakuna anayebisha hodi. Ningewaambiaje kwamba mwenyekiti wenu amechoka na ninyi?"

Mkewe akavuta pua. Mama Povu akatazama kiti, akatazama kamba, akaanza kuanika, shuka la kwanza, la pili, la tatu, huku akikizunguka kiti pasipo kukigusa.

"Kikae hapohapo, mzee," alisema. "Ila ukija usiongee na mimi, nina kazi."

Mzee akasimama kati ya mashuka. Kisha, mbele ya macho yetu sote, akafungua kifungo cha juu, na cha pili, na cha tatu, akalivua koti la kijivu, na chini yake tukaona mabega membamba ambayo hatukupata kuyaona. Akamnyooshea dobi.

"Hili nalo limevuliwa," alisema.

Mama Povu akaligeuza ndani nje, akanusa kola, akafunga macho kidogo.

"Njoo ulichukue Jumatano," alisema.

Basi iandikwe, na mimi ndimi niliyeandika, ukurasa wa mia na nne wa daftari la Kamati: kwamba katika jengo hili kiongozi aliyeondoka aliondolewa, kwa kura kumi na mbili, kwamba Jumatatu mashuka yalirudi nyumba ya wageni yakinukia jua na msimamizi akayapokea, na kwamba kufuli la paa, lililotikisa ghorofa nne, leo linatumika kuzuia mlango usipigwe na upepo. Koti lilifuliwa mara tatu. Doa la kola halikutoka lote, lakini mzee analivaa hivyohivyo, na hulivua mwenyewe kila afikapo juu.