Seva Ibebe, Orodha Ijue

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Maji, Mheshimiwa Makamu Mwenyekiti, Waheshimiwa wasaidizi wa Makamu, wakuu wa idara, wakuu wa vitengo vilivyomo ndani ya idara, wadau wa maendeleo, wadau wa kawaida, wateja wetu mliokaa juani kwa kuwa hema limetosha viongozi tu, mabibi na mabwana. Itifaki imezingatiwa, na niliyemsahau ajihesabu ametajwa. (Makofi. Mtu mmoja anaamka.)

Leo mimi, Mkurugenzi wenu, ninazindua Sistimu Jumuishi ya Kidijitali ya Kuwatumia Wateja Taarifa za Kukatika kwa Maji kwa Barua Pepe, iliyosimikwa juu ya nguzo ya mgawanyo wa majukumu, kwamba kuna seva, ambayo kazi yake ni kubeba barua na kuifikisha, na kuna programu ya orodha, ambayo kazi yake ni kujua nani yumo, nani kajiunga na nani kajitoa, na nilipoulizwa kwenye semina, "Bosi, hivi vitu vinaongeaje?" nilijibu papo hapo, bila kusoma popote, kwamba vikianza kuongea vitapiga soga na kazi italala. (Makofi kutoka hemani.)

(Sauti ya mama kutoka juani: "Samahani, Mkurugenzi! Kesho maji yapo?")

Nimekuona, mama, subiri kipindi cha maswali, ambacho tumekifuta ili kubana muda.

("Mimi ni fundi nywele! Juzi mmekata maji, mteja wangu ana dawa kichwani, nywele zikanibaki mkononi! Kesho nina bibi harusi, na yule akiharibika nafunga saluni!" Vicheko. Fundi nywele hacheki.)

Mama yangu, umenipa nafasi ya kufafanua. Kabla ya leo tulifanya majaribio ya miezi minne, chini ya uongozi wangu shupavu, ambapo karani wa ghorofa ya chini aliteuliwa kuwa seva na karani wa ghorofa ya juu aliteuliwa kuwa programu ya orodha, wakavikwa vitambulisho shingoni, wakakatazwa kwa maandishi kuingiliana, na ufanisi ukafikia asilimia tisini na tisa nukta saba. Ilikuwa mia kamili, nikaipunguza mwenyewe kwa unyenyekevu. (Makofi.)

Ni kweli, tangazo la juzi lilikwama kidogo. Karani seva alilibeba vizuri hadi kwenye ngazi, akaita, "Haya, nampelekea nani?" Karani orodha akajibu kutoka juu, "Majina ninayo yote, lakini kuyateremsha ni kubeba, na kubeba ni kazi yako." "Na mimi nikipanda kuyachukua nimegusa orodha. Unataka nifukuzwe?" "Basi kaa huko huko, kaka." Ndugu zangu, machozi yalinilengalenga, maana bahasha ile ilikaa kwenye ngazi siku tatu bila yeyote kuvuka mamlaka yake, na hata mfagizi wetu aliizunguka na ufagio kwa heshima. (Makofi ya hemani. Huko juani mtu anaguna.)

("Na nywele za watu?")

Nywele, mama, haziko chini ya idara yangu.

(Mzee mstaafu anasimama: "Bosi, mjibu binti yangu. Maji kesho yapo au hayapo?")

Shikamoo, mzee wangu. Taarifa hiyo ipo, imeandikwa, nimeisaini kwa mkono wangu, ninayo hapa mfukoni. Lakini mimi si seva, wala si orodha, na nikiisoma hapa nitakuwa nimeuua mradi siku ileile unapozaliwa.

Kwa hiyo twende pamoja! Seva! ("Ibebe!") Orodha! ("Ijue!") Maji! (Hakuna anayeitikia.)

Nimalizie kwa shukrani: kwa fundi seremala, aliyetuchongea seva hii ya mbao nitakayoikatia utepe, kwa mpaka rangi, aliyeichorea vitaa vya kijani vinavyoonekana kama vinawaka, na kwa namna ya pekee kwa tarishi wetu, aliyechapa kwa taipureta taarifa hii iliyomo mfukoni mwangu, kisha akazunguka na baiskeli siku nne, nyumba kwa nyumba, kuwaalika nyote hapa, kwa kuwa hatuna barua pepe wala kompyuta ya kuitumia. Hakukosa nyumba hata moja. Tunamwandikia onyo, maana alijua watu na akabeba ujumbe kwa wakati mmoja.

(Fundi nywele ameshamfikia tarishi nyuma ya viti. "Kaka yangu, sema ukweli." "Dada, jaza ndoo sasa hivi. Wanakata alfajiri, siku mbili." Fundi nywele anatoka mbio. Mstaafu anamfuata, kisha safu ya kwanza ya juani, kisha ya pili, kisha hema lote, viti vikianguka.)

Jamani, utepe bado! Mbona mnaondoka? Nani kawaambia?