Sare ya Shule ya Watu

Jumatatu, 6 Januari
Nimekwenda kumwulizia binti yangu nafasi ya darasa la kwanza kwenye shule ya kulipia, ile ya ukuta mweupe. Karani kanitajia ada. Muhula mmoja, bei ya cherehani mbili! Mimi ninayo moja, ya kukanyaga. Nikauliza kama hakuna njia nyingine. Ipo: nafasi moja ya nusu ada, kwa usaili, Alhamisi. Nimerudi kwa kuzunguka nyuma ya ukuta. Watoto walikuwa wanaimba. Nikainama, nikajifanya nafunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa ndala.

Jumanne, 7 Januari
Mke wangu kasema shule ya serikali iko ng'ambo ya barabara, bure, na walimu wake wanafundisha. Sikubishana. Shemeji, kaka yake, kaja kupunguziwa suruali. Mtoto wake anasoma kule kwenye ukuta mweupe, basi hatupumui. Eti fundi, mwanao ataongea nini na wale watoto, habari za vifungo? Nikambana kiunoni. Kidogo tu.

Jumatano, 8 Januari
Nimepata wazo! Wenzake watakuja usailini na nguo za nyumbani. Wangu atakuja na sare ya shule, kamili. Mwalimu mkuu akimwona tu, atajua huyu ni wa kwao. Nimeshona mpaka macho yananiwasha. Marinda yamenyooka kama rula, beji nimeitarizi kwa mkono. Binti kavaa, kageuka mbele ya kioo, kafunika beji kwa kiganja. Nikatoka nje kuangalia hali ya hewa.

Alhamisi, 9 Januari
Sare imefanya kazi. Imefanya kazi mno! Mlinzi akiwa bado ananihoji langoni, mwalimu wa zamu aliyevaa koti la shule kamwona binti, kamkemea kwa kuchelewa, kamwingiza kwenye mstari. Moja kwa moja darasani! Nikaachwa kwenye benchi la wazazi. Usaili ukaanza, wakaita jina lake. Wakaita tena. Nikasema yumo humu humu. Wakauliza wapi. Shule ina vyumba vingi! Wamempata mchana, anapaka rangi. Nafasi kapewa mtoto mwingine, mwenye gauni la nyumbani.

Njiani kasimulia yote. Mwalimu anachuchumaa akiongea nawe. Vitabu viko chini, unajichukulia mwenyewe. Kisha kauliza, baba, kesho tunakwenda saa ngapi? Nimemwambia kesho kuna mvua. Jua lilikuwa linatuchoma wote wawili.

Jumamosi, 11 Januari
Jana nilirudi kumwomba radhi mwalimu mkuu. Mama muungwana. Kasifia marinda. Kasema muhula ujao kuna nafasi nyingine ya nusu ada. Nimlete mtoto na nguo za nyumbani, basi, nisiongeze kitu. Mke wangu kaniuliza, mume wangu, umesikia lakini? Nimesikia. Nimetafakari usiku kucha. Binti hana kosa, na sare haina kosa. Yeye aliingia, aliyebaki benchi ni mimi.

Kitambaa nimeshakikata. Koti kama la mwalimu wa zamu, mikono mirefu, saizi yangu.