Lundo Lisilopata Moto

Jumapili, tarehe 8 Juni

Zimebaki siku sita. Jumamosi Mama Shamba, mwenye shamba, anaamua nani abaki.

Nieleze kwa utaratibu, maana hata daftari lina haki ya kuelewa. Mimi ni mwalimu mstaafu wa sayansi, miaka sitini na sita, goti moja zima. Miezi mitatu iliyopita nilijiunga na shamba hili la kilimo hai kama mwanagenzi. Hakuna waya wa umeme unaofika hapa. Taa na simu zinategemea paneli nne zilizo juu ya paa la ghala, na mawingu yakitanda siku mbili tunazungumza na simu zilizozimika. Maji ni ya mvua, yako kwenye tangi chini ya mteremko. Choo ni kikavu: ukimaliza, unamwaga kikombe cha majivu na kutoka na heshima yako. Tulianza wanagenzi saba. Watano wameondoka, wawili kati yao kwa sababu ya choo. Tumebaki mimi na Nesi.

Nesi alistaafu uuguzi mwaka juzi. Nimemzidi mwaka mmoja, jambo ambalo halijawahi kumzuia kuniagiza.

Nafasi ni moja tu, ya mtunza kitalu. Inakuja na chumba kidogo chenye dirisha linalotazama miche. Atakayeikosa anarudi kwao. Kwangu, kwetu ni kwa binti yangu. Ananipenda sana huyo mtoto. Amekwisha kuniandalia chumba cha nyuma chenye televisheni, na jana alinihakikishia kwenye simu kwamba kule sitafanya lolote, nitapumzika tu. Alisema kwa furaha. Mimi nikasingizia kwamba simu inaisha chaji.

Mtihani ni mboji. Kila mmoja wetu amejenga lundo lake, na lundo zuri hupata moto lenyewe kwa ndani, bila kuni wala kiberiti. Unachomeka nondo katikati, unaiacha, na ukiichomoa iwe ya moto kiasi cha kutaka kuiachia. Ili hayo yatokee mboji inahitaji mambo manne: majani mabichi, majani makavu, hewa, na la nne limeniponyoka kidogo, ila matatu nayajua barabara.

Nondo ya Nesi leo: moto. Yangu: baridi kama pua ya mbwa.

Jumatatu, tarehe 9 Juni

Mama Shamba kapita asubuhi. Ana miaka arobaini, ni msichana tu kwangu, na ananiheshimu mno. Alinipa shikamoo huku amekunja magoti, akaulizia goti langu, akaulizia binti yangu, ndipo akashika nondo na kusema kwamba lundo langu lingefaa kuhifadhia maziwa.

Nesi alikuwa pembeni na toroli lake. Akaniambia, tena mbele ya watu, kwamba lundo langu ni kavu na nilimwagie maji.

Nimelitafakari hilo kisomi. Mpinzani wako anakushauri umwage maji juu ya kitu unachotaka kipate moto. Mtoto wa darasa la pili angeugundua mtego huo. Nilimshukuru kwa adabu na kumwambia kwamba katika miaka thelathini na minne ya kufundisha sijaona maji yakiwasha chochote. Alijibu kwamba inategemea nani alikuwa anafundisha.

Sasa mkakati. Ikiwa moto uko kwa Nesi na haupo kwangu, jambo la busara ni kuuhamisha. Mchana, Nesi alipojinyoosha kidogo, nilichota ndoo sita kutoka tumboni mwa lundo lake na kuzimwaga katikati ya langu. Shimo likaonekana wazi kabisa. Ikabidi nilifunike, na ili lisijulikane lilipokuwa, nikalipindua lundo lake lote kwa uma wa shambani, la chini likaja juu, la juu likaenda chini. Saa mbili nzima. Mgongo wangu sasa unatoa sauti.

Jumanne, tarehe 10 Juni

Matokeo. Ndoo sita zilipoa kabla sijamaliza chai. Lundo la Nesi, baada ya kupinduliwa na kuingia hewa, limepata moto mara mbili ya jana. Linafuka mvuke. Mama Shamba alimwita mpishi aje aone.

Baadaye Nesi akanifuata kwenye vitunguu. Nilijiandaa kukana. Kumbe amekuja kunishukuru: kiuno kilikuwa kinamsumbua, alikuwa hajui atalipinduaje, na kutwa hii anajiuliza ni malaika gani aliyemfanyia kazi hiyo na kuacha kofia yake ya Mwalimu pale pale. Akanipa kofia. Nikasema asijali, tuko pamoja.

Amenipa pia nusu ya papai lake. Nimelila kwa tahadhari.

Jumatano, tarehe 11 Juni

Siku ngumu. Naandika kwa ufupi.

Niliwaza hivi: anachopima Mama Shamba ni nondo, si lundo. Basi kwa nini nihangaike na lundo? Alfajiri nikaiweka nondo yangu kwenye jiko la kuni, nikaizungushia gunia, nikaipeleka na kuichomeka mahali pake. Nikasimama kando, mikono nyuma, kama mtu anayesubiri kukabidhiwa cheti.

Mama Shamba akaja. Shikamoo, goti, binti. Kabla hajanyoosha mkono, lundo likaanza kutoa moshi. Si mvuke. Moshi. Nesi alikuwa wa kwanza kufika, akakanyagakanyaga kwa mabuti yake huku akiniuliza kama nimechoka na mboji nataka mkaa.

Mama Shamba aliichomoa nondo kwa koleo. Akaitazama, ilikuwa na masizi ya jiko. Akaniambia kwa upole wa kuumiza kwamba lundo likipata moto wa namna hiyo basi hatulimi tena, tunachoma matofali. Kisha akaongeza, akiwa anatazama chini, kwamba asingependa kunirudisha nyumbani, ila kitalu hawezi kumwachia mtu ambaye lundo lake limekufa. Miche elfu tatu inategemea mboji. Ananipa mpaka Jumamosi kama alivyoahidi.

Nilikwenda chooni nikakaa huko muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Nesi alibisha mlango. Akasema, Mwalimu, majani yako yameshika moto kwa sababu ni makavu kama daftari, lundo lina kiu, mwagia maji basi. Mara ya pili sasa. Anajitahidi sana kunimaliza.

Jioni nimepata wazo jipya, na hili ni la sayansi tupu. Joto halihamishwi kwa ndoo wala halidanganywi kwa nondo. Joto linalelewa. Dumu la lita ishirini, maji ya moto, kifuniko kikakazwa sana, likazikwa katikati ya lundo. Maji yanabaki ndani ya dumu, joto linatoka nje. Lundo linaamka, kama mgonjwa aliyewekewa chupa ya moto tumboni. Nimelizika kabla ya chakula. Sijamwambia mtu, isipokuwa mpishi aliyenipa maji, Mama Shamba aliyeniona na toroli, na Nesi aliyeuliza nakwenda wapi na dumu.

Nesi alilipapasa dumu upande wa chini. Kisha akasema ni wazo zuri sana. Nilishangaa. Hatimaye mtu anasikiliza.

Alhamisi, tarehe 12 Juni

Asubuhi nililichimbua dumu ili nibadilishe maji. Tupu. Hata tone.

Nikalijaza tena, nikalizika. Mchana, tupu. Nikalijaza. Saa kumi, tupu. Kila mara inanibidi nifukue lundo lote na kulipanga upya, mabichi, makavu, mabichi, makavu. Mikono imechubuka.

Mwisho nikalikagua dumu kwa miwani. Upande wa chini lina vitundu vinane, vidogo, safu mbili zilizonyooka, nafasi sawa kati ya kimoja na kingine. Panya. Nimefundisha elimu ya viumbe na sijawahi kuona panya wenye nidhamu hivi. Labda ni kwa sababu ya kilimo hai.

Nesi alikuwa kivulini karibu na hapo anashona magunia kwa sindano kubwa. Nikamuuliza kama ameona panya. Alisema ndiyo, alimwona mmoja Jumatatu mchana kwenye lundo lake, mzee, mwenye mvi, anachechemea. Nimeiandika sifa hiyo. Panya anayechechemea hatafika mbali.

Sina dumu jingine. Nitaendelea na hili hili, lita ishirini mara tatu kwa siku, zipotee zinakopotea.

Ijumaa, tarehe 13 Juni

Asubuhi nimegusa nondo na kudhani ni jua. Nikaifunika kwa mkono wangu mwingine, nikahesabu mpaka kumi. Vuguvugu. Yenyewe. Bila jiko.

Mchana imekuwa ya moto kidogo. Nimekaa chini kando ya lundo langu kama mtu aliyetembelewa na mgeni. Dumu limefanya kazi, licha ya panya.

Tulimenya maharage pamoja, mimi na Nesi. Nilimweleza nadharia ya dumu tangu mwanzo hadi mwisho. Hakunikatiza, isipokuwa kunionyesha kwamba natupa maharage kwenye chombo cha maganda. Kisha bila kuulizwa akanieleza kwake kulivyo. Nyumba ya vyumba vitano, watoto wako mbali, saa ya ukutani ndiyo pekee inayosema. Alisema hapa, hata akigombana na mtu kuhusu mboji, jioni inakuwa imefika bila yeye kuisukuma.

Nilitaka kumweleza jinsi saa ya ukutani inavyofanya kazi, nikaona si mahali pake. Nikamwachia zamu yangu ya kuchaji simu. Nimejiambia kuwa ni mbinu ya kumlegeza, na huenda ni kweli.

Binti yangu amepiga simu akauliza napenda pazia la rangi gani. Nikamwambia angoje.

Jumamosi, tarehe 14 Juni

Tulisimama kando ya malundo saa tatu asubuhi, mimi nimevaa shati la kufundishia. Mpishi alikuja. Hata fundi wa paneli alishuka kutoka paani.

Mama Shamba akachomoa nondo ya Nesi, akaihamishahamisha mkono huu na huu. Moto. Akaja kwangu. Shikamoo, goti, binti. Akachomoa. Akaiachia ikaanguka chini.

Alinitazama, akaitazama nondo kama ina masizi. Haina. Akaingiza mkono mwenyewe ndani ya lundo mpaka kiwiko na kuutoa haraka. Akaniuliza nimefanya nini. Nikaeleza. Dumu, kanuni ya joto kulelewa, historia fupi ya chupa za maji ya moto, tatizo la panya. Dakika arobaini, wanasema. Fundi alirudi paani. Nesi alikuwa amejifunika mtandio usoni mabega yakimtikisika. Nilidhani analia kwa kushindwa, nikamwonea huruma.

Kisha Mama Shamba akasema. Malundo yote mawili yako hai. Lakini la Nesi lina wiki tatu likiwa hai na la Mwalimu lina siku moja, kwa hiyo kitalu ni cha Nesi.

Kichwani mwangu nilianza kufunga mizigo. Nikaliona pazia. Nilisema ni haki, na nilisema kwa sauti nzuri, nadhani.

Nesi akashusha mtandio. Akamwambia Mama Shamba kwamba kitalu hakichukui. Hakichukui hata akiombwa, kama malundo matano ya shamba, la Mwalimu na yale manne yaliyopoa, hayatakuwa na mtu wa kudumu, maana kitalu bila mboji ni sinia za vumbi. Na mtu mwenyewe ni huyu hapa, ana kichwa kigumu lakini hachoki. Mtu aliyefukua lundo mara tatu kwa siku na goti lile utampata wapi? Tena, akasema, ukimtoa huyu mimi nitagombana na nani?

Mama Shamba alifikiri. Akasema stoo ya majembe inaweza kutolewa vitu ikawa chumba. Haina dirisha. Nikasema dirisha nitalitoboa mwenyewe, na watu watatu wakasema hapana kwa pamoja.

Jumapili, tarehe 15 Juni

Nimempigia binti yangu. Nimemwambia nimeajiriwa. Alicheka, akaniuliza kama ninakula. Pazia atalitumia sebuleni.

Kazi inaanza kesho. Malundo matano, na kati yao lililo hai ni langu tu; la Nesi ni la kitalu. Nimeandaa mpango wa kurasa sita. Kila lundo dumu lake. Mama Shamba amekubali kutafuta madumu manne mapya, mazima, plastiki nene. Hatari pekee ni panya.

Nimemwendea Nesi kitaluni kumwomba msaada, kwa kuwa yeye ana macho makali na mkono usiotetemeka. Nikamwomba awe mlinzi wa madumu. Alikubali papo hapo. Aliuliza tu nitayazika wapi, na saa ngapi sitakuwepo.

Mtu makini sana. Ningejua mapema, nisingehangaika kushindana naye.