Chapa ya Bunduki ya Babu Anaeli

Leo nimeumbuka. Tena mbele ya wakwe. Tena kwa mdomo wangu mwenyewe, hakuna aliyenisukuma.

Nawaeleza mapema kabla hamjasikia kwa Naserian, maana yeye akianza kusimulia ataongeza chumvi. (Kusema kweli kisa chenyewe hakihitaji chumvi.)

Mnajua nimepeleka posa kwao Naserian, kule Olmotonyi. Waarusha wale hawana haraka. Walisema jibu litatoka baada ya wazee wao kuja kuona kwetu Akheri, nyumbani kwa Babu Anaeli aliyenilea. Siku yenyewe ilikuwa leo. Wangekuja, wangekula, wangetazama migomba yetu, ng'ombe wetu na tabia zetu, halafu wangesema ndiyo au hapana. Kwa hiyo mimi leo nilikuwa na kazi moja tu: kutulia.

Sikutulia.

Sebuleni kwa Babu, juu ya mlango, kuna bunduki. Si ya vita. Ni bunduki ya upepo, ile unayoikunja katikati ukaweka kirisasi kidogo kama punje ya mtama. Ilishakufa zamani, springi yake haisukumi hata pumzi. Lakini hadithi yake ni nzito. Babu husema baba yake aliipata enzi za Mjerumani, Wameru na Waarusha walipokuwa wakibebeshwa mawe ya kujengea boma pale mjini. Siku moja afisa wa Kijerumani alimwinulia kiboko, na baba yake Babu akamtazama. Akamtazama tu! Mjerumani akashusha kiboko, akavua bunduki begani, akampa kwa heshima. (Ni afisa gani huyo anayesimamia watu na bunduki ya kupigia ndege? Swali hilo halijawahi kuulizwa katika ukoo wetu.)

Kila Krismasi Babu huipaka mafuta ya kondoo. Ya mwaka jana hayafutwi, ya mwaka huu yanapakwa juu yake. Imekuwa nyeusi tii, na ukiishika inang'ang'ania vidole.

Mimi nikaona hapo ndipo pa kuwaonyesha wakwe sisi ni nani. Nikaipiga picha, nikaituma kwenye kundi la mtandaoni la watu wanaokusanya bunduki za zamani, wengi wao wazee wa Ulaya wastaafu wenye muda mwingi. Nikauliza: hii aliitengeneza nani? Wakanijibu kwa upole. Walisema umbo lake ni la Kijerumani na ni ya zamani kweli, ila viwanda vya wakati ule vilikuwa vingi na vilikuwa vinaigana. Bila kuona chapa ya mtengenezaji hawawezi kusema. Nisafishe hayo mafuta, nitazame kwenye chuma na kwenye kitako.

Basi leo asubuhi, Babu akiwa zizini, nikaishusha. Mafuta ya taa, majivu, gunzi la hindi, nikasugua. Kwenye chuma kutu ilikuwa imekula kila kitu. Nikahamia kwenye kitako cha mbao. Na hapo, ndugu zangu, ikajitokeza! Duara, chini yake mistari miwili, na pembeni kitu kimepinda kama pembe. Imechomwa kwa chuma cha moto, safi kabisa. (Kiwanda gani kinachoma mbao kwa chuma cha moto? Nalo hilo sikujiuliza.)

Nikatuma picha kundini, na bunduki nikairudisha juu ya mlango, chapa ikielekea ukutani. Mzee mmoja wa kule akaandika kwamba ameshika bunduki za kila aina, na alama ile hajawahi kuiona popote. Mtu mwenye akili angeelewa kwamba hiyo si alama ya kiwanda. Mimi nilielewa kwamba bunduki yetu ni adimu duniani.

Wakati napanga viti, Naserian akapiga simu. Jana nilikuwa nimeazima chupa ya chai ya mama yake, ile kubwa, kwa ajili ya ugeni.

"Chupa ya mama irudi leo leo," akasema. "Isije ikaenda Meru."

Kwao ndivyo wanavyosema mtu akiazima kitu, yaani kisije kikapotelea kwetu Wameru. Nilikuwa najua ni utani tu, Mwarusha kumchokoza Mmeru. Nikacheka, nikakata simu.

Wazee wakafika. Baba yake Naserian, mtu mkimya sana, na kaka mkubwa wa huyo baba, mzee Loishiye, ambaye ndiye msemaji wa ukoo, na wazee wenzao. Nikaamkia shikamoo, nikainamisha kichwa, mzee Loishiye akaniwekea mkono utosini. Wakala loshoro, mahindi yetu ya maziwa mgando, wakala ndizi za nyama, wakasifu ng'ombe. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri mno. Hata Babu akasimulia hadithi ya kiboko, na mzee Loishiye akasikiliza mpaka mwisho, fimbo yake imelala mapajani.

"Akamtazama tu?" akauliza.

"Tu," Babu akajibu.

"Macho makali hayo."

Hapo ilitakiwa tunywe chai tumalize. Hakuna aliyeniuliza kitu. Hakuna! Lakini nikasimama.

"Wazee wangu, shikamooni tena. Naomba niongeze neno."

Babu akanikonyeza niache. Nikajifanya sijaona. Nikashusha bunduki, nikaeleza kwamba nimefanya uchunguzi na wataalamu wa Ulaya. Kwamba hii chapa ni ya fundi wa Kijerumani aliyetengeneza bunduki chache sana, za wakubwa. (Huyo fundi nilimzaa palepale.) Nikamalizia kwa sauti ya mhubiri: "Wataalamu wamethibitisha, chapa hii duniani hakuna mwingine aliye nayo. Ni sisi tu!"

Mzee Loishiye akanyoosha mkono nimpe. Akatoa miwani mfukoni, akaivaa. Akapitisha kidole gumba juu ya duara, kwenye mistari, kwenye pembe. Akampa baba yake Naserian. Naye akatazama, akampa anayefuata. Wakaongea Kimaasai kwa sauti ya chini, polepole, kama watu wanaopima ng'ombe mnadani.

"Kijana wangu," mzee Loishiye akasema, "huyo fundi alikuwa anakaa wapi?"

"Ujerumani, mzee."

"Upande gani?"

"Upande ... wa huko ndani ndani."

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akainua fimbo yake kutoka mapajani, akailaza mezani kando ya kitako cha bunduki. Kwenye kichwa cha fimbo kulikuwa na duara, mistari miwili, na pembe.

Nikatazama fimbo, nikatazama kitako.

"Hii ni chapa ya ng'ombe zetu," akasema, bila hasira kabisa, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. "Kila kitu cha boma letu kinachomwa hivi. Ng'ombe, mizinga ya nyuki, fimbo. Na bunduki moja."

Halafu akatusimulia. Babu yake alikuwa analinda ngano ya mlowezi wa Kijerumani isiliwe na ndege. Kwa kazi hiyo ya kufukuza ndege ndipo alipopewa ile bunduki ya upepo. Mlowezi alipohama akamwachia, naye akaichoma chapa yake kama alivyochoma kila alichokuwa nacho. Sasa babu huyo alikuwa na rafiki Mmeru, walijuana kwenye kubeba mawe ya boma. Rafiki akaja kulalamika kwamba tumbili wanamaliza ndizi zake. Akaazimwa bunduki, ya msimu mmoja tu.

Mzee Loishiye akavua miwani, akamgeukia Babu Anaeli.

"Mzee mwenzangu, tumbili wenu hawajaisha tu?"

Babu akatazama dari kama mtu anayetafuta panapovuja. Nikakumbuka "isije ikaenda Meru". Kumbe haukuwa utani. Ni msemo wao wa ukoo, umetokana na sisi, na chupa ya mama yake ilikuwa pale pale mezani inatoa mvuke.

"Baba yangu," Babu akasema mwishowe, "alikuwa na kazi nyingi."

Mzee Loishiye akasema walikuja na jibu, lakini sasa inabidi watoke nje kidogo waongee upya. Wakaenda kusimama chini kwenye mibuni. Mimi nikabaki nimekaa na bunduki mapajani. Sitawaficha, niliogopa. Nampenda yule binti jamani. Nimemngoja amalize chuo, nimejifunza salamu zao zote, nimekunywa maziwa ya kibuyu nikasema tamu. Na yote hayo nimeyaweka rehani kwa sababu ya kusugua! Babu hakunigombeza. Alisema tu, "Mafuta yale yalikuwa na kazi yake." Mpaka sasa sijathubutu kumuuliza kama alikuwa anajua.

Wakarudi. Wakakaa. Mzee Loishiye akasafisha koo.

"Wazee wako walichukua bunduki, wakakaa kimya mpaka leo," akasema. "Wewe unataka binti. Umebisha hodi, umetuma watu, umeomba. Tumeona ukoo wenu una maendeleo. Jibu letu ni ndiyo."

Machozi yakanilengalenga. Wazee wakaanza kucheka, hata yule baba yake Naserian asiyeongea, na Babu akacheka kuliko wote, kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo.

"Ila bunduki inarudi nyumbani," mzee Loishiye akasema.

Akasimama. Kwa mkono mmoja akachukua bunduki. Kisha akatazama mezani, akanitazama mimi, na kwa mkono wa pili akachukua chupa ya chai.

Naombeni msicheke. Na kama kwenu kuna kitu cha zamani ukutani chenye hadithi nzuri, kiacheni na mafuta yake.