Saa Sita Nilizomwongezea Mwita

Leo nimeaibika, tena kwa kitu nilichosomea.

Niko Tarime, kwenye mradi mdogo unaowapa wakulima mizinga ya nyuki ili tembo wasiingie mashambani. (Tembo anaogopa nyuki. Mimi naogopa vyote viwili, ndiyo maana nakaa ofisini.) Kazi yangu ni kompyuta. Muda wangu wa majaribio unaisha Ijumaa, na Mama Mratibu ndiye atakayeamua kama nabaki au narudi Singida kwa wazazi. Nimeshawaza nitakavyoshuka kwenye basi, na nani atakuwa stendi ananitazama.

Maafisa wetu walioko kijijini Mbalibali huandika saa zao za kazi kwenye mfumo wa kusimamia mradi. Tatizo ni kwamba wanaandika kama watu wa kawaida. Mtu akianza kazi saa mbili asubuhi, anaandika 2:00. Mfumo unahesabu kuanzia katikati ya usiku, kwa hiyo unaelewa kwamba ameamka saa nane usiku kwenda kukagua nyuki. Makao makuu wakauliza kwa nini tunawatembelea wakulima wakiwa wamelala.

Asubuhi Mama Mratibu akaniambia nirekebishe rekodi moja moja, na nikiwa na shaka nimpigie mwenye rekodi. Laiti ningemsikiliza. Lakini mimi kupiga simu kunanichosha kabla sijapiga. Kwa hiyo nikamweleza habari za API, yaani mlango ambao programu yako inapitia kuongea na mfumo bila mtu kubofya chochote. Nitaandika programu fupi: ichukue kila rekodi, iongeze saa sita, iirudishe. Akaniuliza kama nina uhakika. Nikasema ninao. (Sijawahi kuwa na uhakika na jambo lolote tangu nizaliwe.)

Niliwaza kila kitu. Umeme ukikatika je? Mtandao ukikwama katikati je? Nikaijaribu kwanza kwenye rekodi yangu mwenyewe. Ikakubali. Nikaiachia.

Ambaye sikumuwaza ni Mwita.

Mwita ni afisa wetu ambaye haandiki saa. Akifika kwa mkulima anabonyeza kitufe kwenye simu, akiondoka anabonyeza tena, na simu inajaza yenyewe. Rekodi zake zote zilikuwa sahihi. Programu yangu ikamwongezea saa sita naye. Ziara zake za saa nane mchana zikawa za saa mbili usiku. Na mfumo una adabu: kila rekodi inapobadilishwa, mwenyewe anatumiwa ujumbe.

Siku za kazi Mwita hulala hukohuko Mbalibali, na mke wake, Ghati, anabaki Nkende, hapa Tarime. Wiki hii yuko likizo nyumbani. Leo alikuwa juu ya paa anapigilia bati. Simu yake ilikuwa chini, mkononi mwa Ghati.

Walifika ofisini kwa bodaboda moja, Mwita bado ana misumari mfukoni. Ghati akamwamkia Mama Mratibu shikamoo, vizuri kabisa, kisha akauliza nani anashughulika na kompyuta. Mama akaninyooshea kidole. (Hakusita hata kidogo.)

"Kijana, huyu Robi ni nani, ambaye mume wangu anamkagulia mizinga mpaka saa tano usiku?"

"Ni bibi kizee, nimekwambia," Mwita akasema.

"Wewe nyamaza. Hao huwa ni vibibi vizee wote."

Nikaeleza API. Nadhani nilieleza vizuri, nilitoa na mifano. Ghati alinisikiliza mpaka mwisho, akamgeukia Mama Mratibu, akauliza kama na mimi nimepangwa na mume wake.

Mama akaniagiza nirudishe saa zilivyokuwa, Ghati akiona kwa macho yake. Jambo rahisi. Nikafungua programu, pale penye kujumlisha nikaweka kutoa. Nikaiendesha.

Sikuwa nimehifadhi mabadiliko.

Simu ikalia mkononi mwa Ghati. Ikalia tena. Ikaendelea kulia. Programu ilikuwa inaongeza saa sita nyingine juu ya zile sita. Ghati akasoma taratibu, kama anayesoma matangazo kanisani: ukaguzi wa mizinga, nyumbani kwa Robi, kuanzia saa nane usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri.

"Sasa amelala huko kabisa," akasema.

Mwita akakaa sakafuni. "Msomi, umeniua."

Mama Mratibu akachukua simu yake, akampigia Robi, akaweka sauti ya nje. Ikasikika sauti ya bibi kizee kweli, anafukuza kuku. Ghati akaongea naye Kikurya, kirefu. Akaanza kucheka. Mwita naye akacheka. Hata Mama, ambaye katokea Njombe lakini ana miaka mingi hapa, akacheka. Mimi sikijui Kikurya. Neno nililoambulia ni "kompyuta", na kila lilipotajwa walinitazama wote.

Nikamuuliza Mama kuhusu mkataba wangu. (Najua haukuwa wakati wake. Nilishindwa kujizuia.)

"Nitauandika," akasema, "huyu mama akiondoka hapa ameridhika."

Basi Ghati amevuta kiti. Haonekani kuwa na haraka ya kuridhika. Narekebisha kwa mkono, rekodi moja moja, na siendi ya pili mpaka atikise kichwa. Za kwa Robi tumemaliza. Sasa ameomba aone na za mwezi uliopita. Mwita, ambaye alikuwa bado anacheka, ameacha.

Tafadhali msinitumie vicheko hapa kwenye kundi. Ghati ameshaniuliza naandikiana na nani.