Tuufunge Kwanza, Ndipo Tuufungue Rasmi

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Kudumu ya Masuala ya Muda. Mheshimiwa Makamu wake. Mheshimiwa Kaimu Makamu, ambaye naambiwa yuko njiani. Mkuu wa Chuo na mama watoto. Wakuu wa idara, vitengo na vijitengo. Ndugu mpiga picha, ambaye nakuomba uhamie upande wangu wa kulia. Na nyinyi wanafunzi wa darasa la ukarani, mlioamka alfajiri kutupangia viti hivi: hamjambo? (Hatujambo.) Sijasikia! (Hatujambo! Kiti kimoja kinavunjika.)

Leo, katika muktadha mpana wa mageuzi ya kidijitali na kapasiti bildingi, nasimama mbele yenu kifua mbele kuzindua Mradi wa Mfumo Endeshi Huria kwa Wanaoanza, na kwa faida ya wasiojua, mfumo endeshi ni ile programu mama inayoiamsha kompyuta na kuiongoza, na huria maana yake ni kwamba ni ya bure, kila mtu ruksa kuitumia, ila kwa utaratibu. (Makofi kutoka safu ya mbele, walikoketi watu wa ofisini kwake.)

Nakumbuka vizuri chimbuko la jambo hili. Mwakilishi wa darasa lenu, huyu Mama Pacha, alikuja ofisini kwangu akasema kompyuta zenu kumi na mbili ni za zamani, zinakwama, akaniuliza swali moja: mtu anayeanza achague mfumo gani wa bure? Mwingine angemjibu palepale. Mimi siyo mtu wa kukurupuka. Nikaunda kamati, na siku hiyohiyo nikazichukua kompyuta zote kwa ajili ya tathmini. (Minong'ono nyuma.)

Ndugu zangu, msidhani kuchagua kitu cha bure ni lelemama! Tulitangaza zabuni. Akajitokeza kijana mmoja akatuandikia, "Chukueni tu, ni bure." Tukamwondoa kwa kukosa umakini, maana kanuni zetu za manunuzi hazitambui sifuri kama bei, na tulipomsihi aweke bei yoyote ile, hata ya kutuheshimu tu, akaacha kupokea simu. Ikaja hoja ya usalama: tuligundua kwamba mifumo hii iko wazi, yaani mtu yeyote anaweza kuona ilivyotengenezwa ndani! Nikashtuka. Nikaagiza mfumo ufungwe kwanza, ndipo mimi niufungue rasmi. (Kicheko. Mheshimiwa anadhani ni cha kumsifu, anasubiri kiishe.)

Kisha tukabaini kwamba mfumo huria huu uitwao Linux una ukoo mkubwa, kila mmoja na jina lake na sura yake. Kamati ikazipigia kura picha zinazotokea kwenye kioo cha kompyuta: nusu wakapenda yenye mlima, nusu yenye ndege, na hadi ninapozungumza watu wa mlima na watu wa ndege hawasalimiani. Pamoja na hayo, tafiti zetu zinaonyesha kwamba asilimia mia moja na nne ya wadau wameridhika.

(Mama Pacha anasimama.) Naam, mama, kwa kifupi.

"Mheshimiwa, shikamoo. Binti yangu anasema anayeanza anachukua ule unaotumiwa na watu wengi, ili akikwama apate wa kumuuliza. Unauweka kwenye flashi, unauonja, ukikufaa ndiyo unausimika. Sasa sisi mtihani wa vitendo ni Jumatatu, na wale wa mapokezi ya zahanati wamenishikia nafasi mpaka cheti kitoke. Kompyuta zetu ziko wapi, baba?"

Marahaba, marahaba. Kuonja! Mama, huu ni mfumo endeshi, siyo mchuzi. (Safu ya mbele inacheka peke yake.) Lakini swali lako ni zuri na linanileta moja kwa moja kwenye shukrani.

Kwanza namshukuru afisa ugavi, ambaye alipoona kompyuta zenu zinakaa stoo muda mrefu bila uamuzi, alizitangaza kuwa chakavu na kuzipiga mnada, na mapato yake ndiyo yaliyotupatia bango hili la kupendeza nyuma yangu pamoja na fulana mtakazogawiwa. (Sauti: "Ala!" Nyingine: "Mungu wangu, Jumatatu hiyo!") Tulieni! Pili naishukuru kamati, iliyomaliza muda wake mwaka jana bila kuchagua mfumo wowote, jambo linalotuachia uwanja mpana wa kuchagua. Na tatu nawashukuru nyinyi wanafunzi, kwa moyo wenu wa kizalendo wa kukubali kufanya mtihani wa vitendo kwa maandishi: mtaeleza, kwa mwandiko unaosomeka, vitufe ambavyo mngebonyeza. Hamkuulizwa, lakini najua mmekubali.

Mfumo huria! Narudia, mfumo huria! ("Oyee!" Ni dereva wake.) Dijitali kwa wote! (Oyee, yuleyule.) Asanteni kwa kuzindua nami jina la mradi; mradi wenyewe tutautafuta.

(Safu ya mbele inasimama kupiga makofi. Nyuma hanyanyuki mtu. Mama Pacha amekaa, anamwomba jirani yake kalamu.)